Vipande Viwili vya Kushoto

Kosa la kwanza ni langu, na afadhali niliseme mimi kabla hajalisema mwingine. Mama mkwe wa jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mfuko wa plastiki kaukumbatia kifuani, ananiuliza kama namjua fundi mzuri wa makoti. Nikamjibu kwa mdomo mwepesi: "Mama, unahangaika na mafundi wa nini wakati mkweo yuko kiwanda cha nguo miaka nenda miaka rudi? Mpelekee yeye!" Nilisema hivyo kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuipita. Kumbe nilikuwa namchimbia jirani yangu shimo, na juu yake nikamtandikia mkeka.

Jirani yangu huyo kiwandani wanamwita Kola. Kiwanda kinashona mashati, na shati moja linapita mikononi mwa watu wengi: huyu anaunga mabega, yule mikono, mwingine mifuko, mwingine vifungo. Linaingia kwenye laini likiwa vipande na kutoka likiwa limekunjwa ndani ya nailoni. Yeye anashona kola. Vipande vinamfikia vimeshakatwa. Anaviunga, anavigeuza, anazichokonoa ncha kwa kijiti mpaka zinasimama, anapiga mstari wa juu, anatupa kwenye beseni, anachukua nyingine. Alipoajiriwa alikuwa kijana, akaambiwa, "Kaa hapa kwa muda." Mtoto wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa bado tumboni, sasa ananyoa ndevu.

Wala usidhani alikuwa mbovu wa kazi. Ncha za kola zake zilikuwa kali kiasi cha kutobolea karatasi. Ila kilimwingia kitu kama ugonjwa: akitembea mtaani haoni watu, anaona shingo.

"Yule ni wangu," anamwambia mkewe.

"Nani, yule mwanamume mnene?"

"Kola yake."

Mkewe anauza kwenye duka la dawa, na wagonjwa wamemfundisha kujibu haraka. "Iko siku utapishana na mimi njiani," alimwambia, "utaisalimia shingo yangu, mimi wala hutanitambua."

*

Mama mkwe alifika siku ileile, bado ana maneno yangu ya moto moto kichwani. Akaketi, akaitikia shikamoo za wajukuu, akafungua mfuko. Kitambaa kilikuwa kizito, cha kijivu, upande wa uso kina mistari myembamba ambayo huioni mpaka mwanga uilambe. Sebule nzima ikanuka dawa ya nondo.

"Cha baba yenu," alisema. "Alikinunua akiwa na nguvu zake, hakukishona. Kimelala sandukuni mpaka nikawa naona kitazikwa na mimi. Sasa mdogo wenu anahitimu. Nataka koti la heshima, lenye kola, nikisimama pale watu wajue mtoto huyu ana mama."

Mke alimtazama mumewe. Pazia lililokuwa nyuma ya kichwa chake lilishonwa na fundi wa kona, na suruali za shule za watoto vilevile. Siku zote Kola alikuwa na sababu yake: nimechoka, mganga hajigangi, mnataka nishone kule nije nishone na huku?

"Mama, si tungempelekea..." alianza mke.

"Nimpelekee nani? Nina fundi ndani ya nyumba, kitambaa cha marehemu nikitembeze barabarani? Watu watasema mkwe wangu kanikataa." Akamgeukia Kola. "Kwani, mwanangu, huwezi?"

Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilidondoka mbele ya watoto. Yule wa ndevu aliinua macho kutoka kwenye simu. Na mwanamume akiulizwa kama anaweza, mbele ya mtoto wake anayeanza kuwa mwanamume, mara nyingi ulimi unatangulia na akili inafuata kwa miguu.

"Koti tu, mama?" alisema Kola. "Koti ni jambo dogo."

Ikabaki kazi ya kupima. Mtu mzima hamzungushii mama mkwe futi kiunoni, kwa hiyo Kola akageukia ukutani na kushika kalamu, na mkewe ndiye aliyepima na kutaja namba.

"Mama, vuta tumbo kidogo."

"Nilivutie wapi, mwanangu? Limeshafika."

Watoto wakacheka, Kola akaucheka ukuta. Lakini ilipofika zamu ya shingo aliomba futi mwenyewe. Akasogea kwa adabu, akaizungusha kwa vidole viwili, akaiachia nafasi ya pumzi, akaitoa. Ilikuwa kazi nyepesi na safi, kama mtu anayemwondolea mwenzake unyoya begani. Hapo mama mkwe akaamini kabisa. Vibaya zaidi, Kola naye akaamini.

*

Wiki ileile Msimamizi alimwita ofisini. Hiyo ofisi ni kijumba cha vioo katikati ya kiwanda, mtu akisemeshwa mle ndani laini nzima inamwona ila haimsikii.

"Nataka nikufanye kiongozi wa kola," alisema Msimamizi. "Utavaa beji. Kuna na nyongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mkuu?"

"Cha kukufurahisha, si cha kukuharibu."

"Na kazi yangu itakuwa nini?"

"Kola," alisema Msimamizi, akishangaa swali. "Ila utakuwa kiongozi. Nenda ukafikirie, halafu uje useme ndiyo. Na leo ukitoka, wapelekee nyumbani kwa Bibi Mifuko mchango wa laini. Wanasema hali si nzuri."

Bibi Mifuko alikuwa ameshona mifuko ya mashati tangu mashine za kiwanda zikiwa mpya. Alikuwa anakaa kiti kilichotazamana na cha Kola. Ndiye aliyemfundisha kula huku mashine inazunguka, na ndiye aliyemwambia siku ya kwanza, "Usijali mwanangu, hapa ni kwa muda tu, hata mimi niliambiwa hivyo." Akacheka, na Kola akacheka naye bila kujua walikuwa wanacheka nini.

Mpwa wake alimfungulia Kola mlango, akaichukua bahasha, akamwonyesha chumba. "Ingia tu. Hatambui mtu."

Bibi alikuwa kaegemea mito, macho yametazama ukuta. Mikono yake ilikuwa kazini. Inashika ukingo wa shuka, inaukunja, inaupiga kwa ukucha. Inaukunja tena, inausukuma mbele polepole, inauzungusha, inausukuma. Halafu mkono wa kushoto unatupa kitu ambacho hakipo kwenye beseni ambalo halipo, na unarudi kushika ukingo.

"Yuko hivyo tangu augue," alinong'ona mpwa. "Sisi tulidhani ni maombi. Anapumzika mchana kidogo, halafu anaendelea."

Kola alikuwa anausoma mfuko: hapa mdomo wake, hapa ubavu, hapa ile kona ya chini ambayo Bibi alikuwa anaisifia mwenyewe. Kwa mkono mtupu, juu ya shuka, kona ilitoka imenyooka.

"Bibi," alimwita.

Uso ukageuka kidogo. "Miili," alisema Bibi Mifuko, sauti kavu, imechoka na uzembe wa watu. "Mbona hawaleti miili?"

Mpwa alimshika Kola mkono. "Umemsikia? Kila siku anadai miili! Tumeshaleta watu wa dini mara mbili!"

"Ni miili ya mashati, dada. Mwili wa shati, ndipo unaposhonewa mfuko."

Dada yule akakaa kwenye kiti, akacheka mpaka akashika mdomo, halafu kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Kola akabaki amesimama kati ya wanawake wawili, mmoja analia na mmoja anashona.

"Haijafika bado?" aliuliza Bibi.

"Inakuja," alimwambia. "Inakuja, Bibi."

Aliporudi nyumbani alikaa mezani kula. Mkewe alikuwa akimsimulia habari za mteja aliyerudisha dawa ya kikohozi chupa ikiwa tupu, akidai haikumsaidia. Katikati ya maneno mke akaitazama meza.

"Unafanya nini?"

"Nini?"

"Mikono yako."

Kola akatazama chini. Kitambaa cha mezani kilikuwa kimekunjwa ncha mbili, kali, sawasawa, na kidole gumba chake kilikuwa kikizichokonoa kwa ndani.

*

Alikata koti Jumapili mchana, mkewe akiwa zamu, watoto wametoka. Alitandaza kitambaa kwenye meza ya chakula, akaazima mkasi wangu, na nilimpa nikimtania kwamba nataka mrabaha. Kwa kielelezo alichukua koti kuukuu la mkewe, akalifumua. Hakuwa mjinga, vipande alivifahamu, alikuwa akiviona vikipita kila siku kama mtu anavyowafahamu abiria wa gari ambalo halijawahi kumpakia.

Alianza na kola. Hata hilo ni kosa, lakini nani angemwambia? Aliichora, akaikata, akaishona papo hapo, akaipiga pasi. Ilikuwa kola ambayo hata wewe usiyejua lolote ungeishika mara mbili. Akaiweka juu ya kiti, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa Bibi Mifuko moyo wake ukatulia.

Kisha akaukata mgongo, na mikono ya koti. Akachora kipande cha mbele, akakata. Akakichukua kipande hicho, akakilaza juu ya kitambaa kilichobaki, kimeangalia vilevile kilivyokuwa, akakizungushia chaki, akakata cha pili.

Alivibeba vyote viwili mpaka kwenye kioo cha chumbani, akaviweka kifuani, na hapo akaona. Vyote viwili vilikuwa vya kushoto. Akakigeuza kimoja; kikakaa upande unaotakiwa, lakini kikaonyesha mgongo wa kitambaa, uliofifia, hauna hata mstari mmoja. Akakigeuza tena. Uso ukarudi, na kushoto ikarudi nao.

Fundi wa mwezi mmoja asingefanya hivyo. Angejua kwamba kipande cha pili lazima ukipindue ndipo ukate, maana mwili wa mtu una kulia na kushoto. Lakini kola ni sawa pande zote mbili. Ukiipindua ni ileile. Kwa miaka yote hiyo mikono yake haikuwahi kuulizwa swali la upande.

Alirudi mezani, akapekua masalio. Vilibaki vipande vyembamba, hakuna cha kutosha hata mkono wa mtoto. Joto la mchana lilikuwa limeiamsha harufu ya dawa ya nondo, na ilikuwa imejaa chumbani kama mtu aliyeingia bila hodi. Kola alihisi nyuma yake kuna mzee amesimama, mikono nyuma, anaangalia meza. Hakugeuka.

"Shikamoo, baba," alisema kwa sauti, akashtuka kujisikia.

*

Fundi wa kona alikuwa msichana, pini mdomoni, redio miguuni. Kola alimfungulia furushi kama mtu anayempelekea daktari ugonjwa wa rafiki yake.

"Nani kakata hiki?"

"Kuna fundi mmoja hivi."

"Fundi?" Msichana akatema pini moja moja kiganjani ili acheke vizuri. "Kaka, huyo si fundi, huyo ni adui yako. Kushoto mbili! Mteja wake ana mbavu upande mmoja tu?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakisubiri nguo zao wakaangua kicheko. Kola naye akacheka, maana asingecheka angejitaja.

"Hakiwezi kuokolewa?"

"Kiokolewe na nini? Kitambaa hiki hakipo madukani tangu sijazaliwa. Mwambie huyo fundi wako aoshe vyombo, mikono yake ipate baraka." Akaendelea kupekua furushi huku anatikisa kichwa, mpaka akaifikia kola. Akaipeleka kwenye mwanga, akaipindua, akapitisha ukucha kwenye ncha. Akapunguza redio. "Na hii nani kashona?"

"Huyohuyo."

"Haiwezekani. Aliyeshona hii ameishi humo." Akainua macho. Akamtazama Kola usoni, kisha vidole vyake, ambavyo vilikuwa vikikunja ukingo wa furushi bila yeye kujua. Kicheko kikamwisha. "Baba," alisema polepole, ile 'kaka' ikiwa imemkwama, "kola hii ni ya kiwandani. Kwani kule huwa hamkati?"

"Tunaletewa vimekatwa."

"Na hukuwahi kuomba wakufundishe?"

Alifungua mdomo amwambie kwamba aliwahi. Alirudi nyuma kwa mawazo, akaitafuta siku aliyoomba, akapita mwaka huu, akapita uliopita, akapita wote mpaka mlango wa kiwanda siku ile ya kwanza. Haikuwepo.

"Nilidhani wataniona," alisema.

*

Mama mkwe aliitwa aje kujaribu koti. Alikuta meza imetandikwa vipande, mkwe amesimama na binti yake ameketi, macho mekundu. Nusu ya kilio cha binti ilikuwa ya kitambaa, na nusu ni ya kuolewa na fundi miaka yote hiyo na kugundua kwamba hata yeye alikuwa mteja tu aliyedanganywa.

"Mama, nimeharibu," alisema Kola. "Sikuwa najua, na sikusema sijui."

Yule mama akavichukua vile vipande viwili vya mbele, akavilaza mapajani, kimoja juu ya kingine. Vilikaa sawasawa kabisa. Alivipapasa kwa muda mrefu hadi mke akatamani mama yake apige kelele, atukane, avunje hata kikombe.

"Unajua kwa nini baba yenu hakukishona?" aliuliza mwishowe.

"Hapana, mama."

"Alikuwa msaidizi wa mkuu wa bohari. Mkuu alipokaribia kustaafu, baba yenu akanunua kitambaa hiki. Akasema, nitakishona siku watakayonikalisha kile kiti. Wakaleta mtu kutoka nje. Akasema si kitu, akiondoka huyu ni mimi. Akaondoka, wakaleta kijana, na baba yenu ndiye aliyemfundisha kazi, mpaka na msumari wa kutundikia koti alimwonyesha yeye. Kila mwaka ananiambia, kianike kitambaa kisiliwe na nondo. Mwanangu, kitambaa hiki nimekianika kuliko nilivyoanika nepi za watoto wangu."

"Hakuwahi kuwaomba?"

"Alisema mtu wa heshima haombi. Anaonekana." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Hata alipokuwa anaumwa, akisikia hatua nje anajiweka sawa kitandani. Anadhani wametumwa kutoka bohari."

Kola akapiga magoti, akaona hajui apige magoti kwa nani, akakaa hapohapo chini.

"Sisemi hukuharibu," alisema mama mkwe. "Umeharibu. Nitakulaumu, unipe siku za kukulaumu. Lakini sitaki nije nikuanike na wewe kila mwaka." Akaichukua ile kola, akaifunga kwenye leso yake. "Hii naondoka nayo."

*

Siku ya mahafali alitokea na gauni lake la siku zote, lile la maua madogo yaliyofifia kwa kufuliwa. Shingoni fundi wa kona alikuwa amemshonea ile kola. Kijivu kizito juu ya maua mepesi, unaona kabisa kwamba vitu hivi viwili havikuzaliwa pamoja. Hata hivyo, alikwenda kichwa juu, akakaa safu ya mbele.

Watu wakasifu. "Mama, kola hiyo! Umeipata wapi?"

"Mkwe wangu," alijibu, wala hakuongeza neno.

"Jamani, ana mikono! Na wewe si umwambie akushonee na gauni?"

Alitabasamu. Kola, viti viwili nyuma, alisikia kila neno. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama kuwapigia makofi wahitimu, na yeye mbele yake haoni mhitimu, haoni joho, anaiona ile kola tu, imekaa kamili juu ya shingo ya mjane, haina koti. Mikono yake ilikuwa mfukoni, na humo mfukoni ilikuwa inashona. Mkewe, bila kumtazama, aliingiza mkono wake ndani ya mfuko ule, akaushika wa mumewe, akaubana mpaka ukatulia.

Waliporudi nyumbani ndipo Kola alipomwambia mkewe.

"Nikikataa uongozi, nikaomba meza ya kukatia, wataniweka daraja la mwanafunzi."

"Mshahara?"

"Wa mwanafunzi."

"Na ada ya mtoto mdogo?"

"Najua."

"Na kodi?"

"Najua."

"Usiniambie 'najua' kama kasuku, nami nina hesabu kichwani! Mwanamume wa umri wako, wenzako wanapanda, wewe unaniletea habari za kushuka." Akavua viatu vyake vya sherehe, akavitupa chini ya kitanda. Akakaa. "Juzi nimeamka, umenikunja ukosi wa gauni la kulalia. Ncha mbili. Umenichokonoa hapa." Akagusa koo. "Nimelala nakuangalia, nikasema, huyu akizeeka nitakuja kuwaambia nini watu?"

Kola akaificha mikono yake chini ya mapaja.

"Nenda kaombe," alisema mkewe. "Nitaongeza zamu. Lakini ukigusa nguo yangu moja na mkasi kabla hujajua kulia ni wapi, nakuacha."

*

Msimamizi alidhani ni mzaha. "Unataka kushuka?"

"Nataka kuhama, mkuu. Nikafundishwe kukata."

"Wale ni watoto. Watakutuma maji."

"Nitayaleta."

"Na ukishindwa hurudi kwenye kola, nafasi itakuwa imeshachukuliwa. Hilo umelielewa?"

"Nimelielewa."

Msimamizi akatafuta kalamu kwenye droo, akaguna. "Kila baada ya muda mmoja wenu anashikwa na huu upepo. Hata Bibi Mifuko aliwahi kusimama hapo ulipo wewe, bado ana nguvu zake, ana ombi kama lako. Nikamwambia asubiri kidogo." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbuka mvua ya zamani. Kalamu ikapatikana, akaijaribu kwenye kiganja. "Haya, uende Jumatatu. Nitawaambia."

Chumba cha kukatia kiko mwisho wa kiwanda, nyuma ya mlango mzito. Jumatatu Kola alipita laini yote kufika huko. Mashine zilipunguza mwendo moja baada ya nyingine alipokuwa akipita, na nyuma ya mgongo wake zikaongeza tena. Kwenye kiti chake cha zamani alikuwa tayari ameketi msichana mgeni, ameinama, kijiti mkononi, anajifunza ncha. Alitaka kusimama amwambie neno. Msichana hakuinua kichwa.

Ndani, meza ilikuwa ndefu kuliko nyumba yake. Vitambaa vimelazwa tabaka juu ya tabaka, na pande zote mbili wamesimama wakataji, wengi wao lika la mwanawe. Mkuu wa meza alikuwa amempa mgongo. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu, na jina "Kola" likazunguka meza nzima kwa kicheko cha chini chini, likarudi lilikoanzia. Hakukuwa na kiti. Hakuna aliyemwonyesha pa kusimama. Alijitafutia pengo kati ya vijana wawili, na wakasogea kiasi tu cha kutomgusa.

Mikono yake ilikuwa mitupu, na kwa mara ya kwanza haikuwa na cha kukunja. Aliiweka juu ya meza, yote miwili, mbele ya macho ya kila mtu.

"Habari za kazi," alisema. "Naomba mkasi."

Mashine ya kukatia ilikuwa ikinguruma. Kijana wa kulia alivuta chaki, wa kushoto akageuza kitambaa. Mkuu wa meza hakugeuka.

"Jamani," alisema Kola, safari hii kwa sauti. "Naomba mkasi."